Mji Ukikua, Wenyeji Waende Wapi?



Liko neno linalosemwa sana siku hizi, hata na watu wenye elimu, ya kwamba Dodoma imekuwa mji mkubwa, na asiyeweza gharama zake na arudi kijijini. Neno hili lina sura ya busara, walakini ndani yake mna dhuluma, nami nataka kulipinga.

Kwanza tukumbuke jinsi mji huu ulivyokua. Haukuota wenyewe kama mbuyu porini. Mwaka 1973 Serikali iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, ikaweka Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ili kupima na kugawa ardhi. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia huko. Mwaka 2017 Mamlaka ile ilivunjwa, na mwaka 2018 manispaa ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilipata watu 410,956. Ile ya 2022 ikapata 765,179. Basi ikiwa mji umekuzwa kwa amri ya watu, taabu zinazofuatana na kukua kwake haziwezi kuitwa majaliwa.

Taabu hizo ni mbili. Ya kwanza ni kodi ya nyumba. Kijana wa Busi apataye kazi ya kuchanganya zege, au binti apikaye hotelini, hutakiwa mara nyingi kulipa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajapewa ufunguo. Ujira wake huja kwa mwezi, ama kwa siku. Fedha ya mwaka ataitoa wapi? Ya pili ni ardhi. Mashamba ya mtama na uwele ya Wagogo pande za Mtumba, Ihumwa na Iyumbu yamegeuka kuwa viwanja. Mwenyeji huuza ekari zake, dalali huzikata vipande, na faida yote humfuata dalali.

Wako wasemao, "Mwenye shamba aliuza kwa hiari yake." Nauliza, ni hiari gani hiyo, ikiwa mnunuzi ameiona ramani ya barabara na muuzaji hajaiona? Mizani ya namna hiyo hata sokoni tungeikataa.

Wengine husema, "Mkiwabana wenye nyumba, hawatajenga tena." Neno hili lina uzito wake. Sheria ya 1984 iliyozuia kupandisha kodi ovyo ilifutwa mwaka 2005. Walakini kumkataza mtu asidai kodi ya mwaka mzima si kumnyang'anya nyumba yake. Tena, kama matajiri hawawajengei maskini, jiji na lijenge. Mji wa Vienna huko Austria, kati ya 1919 na 1934, ulijenga makao zaidi ya 60,000 ya wafanyakazi, ukiwatoza zaidi wenye mali, na hata leo hukodisha nyumba zake kwa watu wa kipato cha kawaida. Je, sisi wenye nafasi kubwa namna hii tutashindwa hata kutenga viwanja vidogo vya watu wadogo?

Kwa hiyo haki yataka mambo matatu. Sheria ya Ardhi ya 1999 yasema fidia iwe kamili, ya haki, na ya upesi; basi ilipwe kabla ya nyumba kubomolewa, si baadaye. Shamba likipimwa, mwenyewe aachiwe viwanja ndani yake, ili naye apate faida ya kukua kwa mji. Na kodi ya chumba ilipwe mwezi kwa mwezi.

Nasi wa vijijini tusilale. Barabara ya lami imekwisha kufika Kondoa, na madalali huifuata barabara. Nabothi alimkatalia mfalme urithi wa baba zake, na hakuna amwitaye mjinga. Mtu asiuze shamba kwa siri pasipo kijiji kujua, wala mume asiuze nyumba ya ndoa pasipo mkewe kukubali, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 yamkataza. Na diwani ajapo kuomba kura zetu, tumwulize mbele ya watu wote: watoto wetu waliojenga mji ule kwa mikono yao watalala wapi? Asiye na jibu, tusimpe kura.