Tumepimwa Vya Kutosha, Sasa Tudai Majibu

Ndugu zangu Wazanzibari, kuna tabia imenikaa kooni na leo sina budi kuitema. Tunapimwa, hatuulizi. Anakuja mtafiti kijijini na vikopo vyake, watoto wanatoa mkojo, akina mama wanatobolewa vidole, mvuvi anahesabiwa samaki wake dema kwa dema. Jua likichwa mgeni anafunga sanduku, anapanda gari, huyo anarudi mjini. Nani kamuuliza alichokiona? Hakuna. Sheha ameshatia saini, vijana wamepewa posho ya kuonyesha njia, basi imekwisha. Mwaka wa pili habari za miili yetu zinasomwa London, na sisi wenye miili tuko barazani tunabishana juu ya sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana, anayetibu kila maradhi kwa kitunguu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sitapoteza wino kuthibitisha kwamba elimu ni wajibu wetu. Sisi ni watu wa dini, na amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu ilikuwa ya kusoma. Basi iweje watu wa amri hiyo wawe wa mwisho kusoma yaliyoandikwa juu yao wenyewe?

Niambieni, kijana wa leo wa Makunduchi anajua nini kuhusu vyoo vya babu yake? Kuanzia mwaka 1988 watafiti walimwaga punje za povu jeupe, lile linalozuia televisheni mpya isivunjike ndani ya boksi lake, katika vyoo vya shimo vya mji ule. Punje zikaelea zikafunika maji yote. Mbu, mwenye kueneza matende, akakosa pa kutaga, na viluwiluwi waliokuwamo wakakosa pumzi. Watu nao wakapewa dawa ya matende. Kabla ya hapo karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na vijidudu vya matende katika damu, na baada ya miaka michache wakabaki wachache. Kazi ile inasomeshwa vyuoni duniani. Ilifanyika Makunduchi, ndani ya vyoo vyetu, na ukiwauliza wanafunzi wa skuli ya jirani watakukodolea macho.

Na mbung'o je? Wafugaji wa Unguja waliteswa miaka na miaka na nagana, maradhi ya ng'ombe anayoyaeneza mbung'o. Kuanzia 1994 madume ya mbung'o yalifugwa Tanga, yakapigwa mionzi yakawa tasa, kisha yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa chetu, zaidi ya milioni 8. Jike akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na tangu hapo kisiwa ni safi. Leo anayekunywa chai ya maziwa mjini hana hata habari ya aliyemfanyia kazi hiyo. Asiyeshukuru kidogo, kikubwa atakishukuru wapi?

Lakini la kima punju ndilo linaloniuma zaidi, maana hapo ujinga wetu umewadhuru viumbe wasio na kinywa cha kujitetea. Wakulima wa kandokando ya msitu wa Jozani walilalamika kuwa kima wanawamalizia nazi changa. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, wakaingia mashambani kuhesabu: nazi zilizoliwa upande mmoja, nazi zilizovunwa upande wa pili. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Mashamba ambayo kima walikula nazi changa zaidi, mavuno hayakupungua, bali yalikuwa makubwa zaidi. Yaelekea kima anapunguza vidaka ambavyo mnazi ungevipukutisha wenyewe. Ni miaka zaidi ya ishirini sasa, na bado nakutana na watu wazima, wenye ndevu na busara zao, wanaoapa kwamba kima ndiye mwizi wa nazi. Kiumbe huyu hapatikani porini popote ulimwenguni isipokuwa katika visiwa vyetu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata kima 5,862. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama, na sisi tunamgonga kwa magari pale Jozani kwa haraka ya kuwahi Paje.

Msidhani habari isiyofika inapoteza maarifa tu. Inaua. Novemba 2021 ndugu zetu 7 wa Pemba walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja wakafuata njia hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wanasayansi wanajua siku nyingi kwamba nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu, na sumu ile haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Kati ya msiba wa kwanza na wa pili ilipita zaidi ya miaka miwili. Muda huo unatosha kuipitisha habari kila msikiti, kila chuo cha Kurani na kila diko, na wenye kuijua hawakuipitisha vya kutosha.

Hapa nawageukia wasomi wetu, maana lawama si ya wanakijiji peke yao. Tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Buyu, tuna chuo kikuu chetu cha SUZA, tuna watafiti wa kilimo Kizimbani, tuna maabara ya Ivo de Carneri Pemba tangu mwaka 2000. Mnafanya kazi nzuri, wallahi nzuri, na tunajivunia ninyi. Lakini mnaandika Kiingereza kwa Waingereza, mnapewa shahada, mnapiga picha na majoho, na mama wa Chaani ambaye mwanawe alitoa mkojo kwa ajili ya utafiti wenu wa kichocho hajaona hata karatasi moja ya Kiswahili. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Tena tazameni kinachowezekana watu wakikaa pamoja. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, ukaanza kuoza na kukatika maji ya pwani yalipozidi joto. Mtafiti wa mwani, Dk. Flower Msuya, hakuishia kuandika sababu. Alishuka majini na wakulima, wakajaribu nyavu za mirija kwenye kina kirefu ambako maji ni ya baridi, na wanawake wakasomeshwa kutengeneza sabuni ya mwani badala ya kuuza gunia kavu tu. Nawavulia kofia akina mama hao. Mtihani wa kuigeuza elimu kuwa kazi wameufaulu kuliko mabingwa wengi wa barazani.

Na yako tunayoyajua wenyewe bila kupimwa, na bado hatuyatendi. Watazameni kunguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliletwa kutoka India ili wale taka za mji. Wamekula taka, wamekula na makinda ya ndege wetu na vifaranga vya wajane. Miaka ya 1990 waliwindwa wakapungua sana, kazi ikaachwa, wakarudi. Nani anawalisha? Sisi! Piteni alfajiri Darajani au vichochoro vya Mkunazini muone mifuko iliyotupwa mlangoni, imepasuliwa, matumbo ya samaki yametapakaa mpaka kizingitini. Mtu anatia udhu kwa maji safi, kisha anaruka taka zake mwenyewe kwenda msikitini. Aibu hiyo haihitaji mtafiti.

Basi nakuombeni, enyi masheha, walimu na wazazi. Akija mgeni mwenye kikopo, mpokeeni kwa heshima, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Ila kabla hamjatia saini mwambieni aandike na tarehe atakayorudi, na aandike kwamba majibu atayasoma kwa Kiswahili, mbele ya watu, uwanjani au skuli. Akikataa, na kikopo chake kirudi kitupu.