Asome Nini Mkuu wa Shule

Orodha za vitabu wanavyoshauriwa kusoma wakuu wa shule huandaliwa kwa kuitazama shule kama ofisi ya kuendeshwa. Hujaa vitabu vya kupanga malengo, kusimamia watumishi, kutunza fedha na kupandisha ufaulu. Vitabu hivyo vina kazi yake. Mwalimu mkuu wa Tanzania anayeendesha shule kwa ruzuku ya serikali, tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, hawezi kupuuza somo la fedha. Lakini elimu, utamaduni na ustawi hukutana ndani ya mtu mmoja, naye ni mwanafunzi, na huyo ndiye asiyeonekana katika vitabu vingi vya uongozi. Mkuu wa shule aanze na maandishi yanayomweka mtoto mbele ya macho yake, ya uongozi yafuate. Na katika hayo ya kwanza, hadithi zipewe nafasi sawa na utafiti.

Andiko la kwanza linapatikana kwa Kiswahili na linasomeka kwa jioni moja. Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Alikuwa ameshafundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, na andiko lenyewe ni la mtu anayelijua darasa. Alilaumu elimu inayowaandaa wachache kuwa wakubwa, inayomtenga mtoto na watu wake, na inayomfundisha kwamba maarifa ya maana yamo vitabuni tu. Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze badala ya kuwa ngazi ya kwendea sekondari, na kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya uzalishaji. Pia alitaka wanafunzi washiriki kuamua shamba liendeshwe vipi na mapato yatumike kwa lipi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ya kusomwa taratibu, kwa sababu ndiyo iliyoachwa. Shule nyingi zilichukua jembe zikasahau kikao. Mtoto alilima, mazao yakauzwa, wala hakuulizwa neno, hata kulima kukageuka adhabu ya aliyechelewa kufika mstarini. Anayesoma andiko hili leo akiwa na shule mkononi ana la kujiuliza: wanafunzi wake huamua nini, hata kama ni jambo dogo kama zamu za usafi?

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, inastahili kukaa karibu na andiko hilo. Kwa muda ilizuiwa shuleni kwa sababu ya jinsi ilivyozungumza waziwazi juu ya mapenzi, kisha ikarudi kama kitabu cha kufundishia. Rosa ni binti wa Ukerewe. Zakaria, baba yake, ni mlevi asiyejali nyumba, lakini ni mkali mno juu ya binti na wavulana. Anapogundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na mvulana, anampiga vibaya. Rosa anakwenda sekondari ya bweni akiwa na hofu ya wanaume isiyo na maelezo. Huko wenzake wanamcheka kwa hofu hiyo, na anapoishinda hana mtu aliyewahi kumfundisha ajiongoze vipi. Anaporomoka hatua kwa hatua mpaka anajiua.

Wasomaji wengi wamefundishwa kuisoma riwaya hii kama onyo kwa wasichana. Mkuu wa shule aisome kwa jicho lingine: katika safari yote ya Rosa, shule ilikuwa wapi? Ilikuwa na kengele, ratiba, kanuni za bweni na walimu wa kutosha kumwona. Mabadiliko yake yalikuwa ya kuonekana. Msichana aliyejitenga ghafla akawa wa kwanza kutoroka. Aliyekuwa akisoma kwa bidii akaacha kujali. Kila shule ya bweni ina mtoto wa namna hiyo mwaka huu, na kwa kawaida jina lake huingia kwanza katika daftari la makosa, halafu, kama ana bahati, katika kumbukumbu za mwalimu wa ushauri nasaha. Hakuna mwongozo wa uongozi unaomkalisha msomaji ndani ya mtoto huyo kwa kurasa nyingi kama riwaya inavyoweza.

Kwa anayesoma Kiingereza, Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, iliyochapishwa mwaka 1988, inamgusa mkuu wa shule kwa jina la kazi yake. Babamukuru ni mkuu wa shule ya misheni, msomi aliyerudi kutoka Uingereza, tegemeo la ukoo mzima na mlipaji wa karo za watoto wa ndugu zake. Ni mtu mwema kwa vipimo vingi. Nyumbani kwake binti yake Nyasha, aliyekulia kwa sehemu Uingereza na kurudi akiwa amepoteza Kishona, anasongwa na amri za baba mpaka anaacha kula. Anapofikishwa kwa daktari wa akili, daktari mzungu anasema Waafrika hawaugui ugonjwa wa namna ile. Dangarembga anaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mtaalamu anayemnyima Mwafrika haki ya kuumwa nafsi, na mzazi Mwafrika anayehesabu maumivu hayo kama utovu wa adabu. Hadi leo mwanafunzi anayelia darasani bila sababu inayojulikana hukutana na watu hao wote wawili.

Utafiti una mengi ya kuongeza hapa. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha matokeo ya jaribio la Shamiri lililohusisha vijana 413 wa sekondari nchini Kenya. Vijana wenzao waliokwisha kumaliza shule, wasio wataalamu wa tiba, waliendesha vikao vinne vya saa moja moja kuhusu shukrani, mambo yenye thamani maishani na imani kwamba mtu anaweza kubadilika. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri. Hivyo dai la kwamba shule isiyo na mwanasaikolojia haina la kufanya halina nguvu tena.

Juu ya viboko, maandishi mawili yasomwe siku moja. La kwanza ni kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu hiyo: visizidi vinne, viidhinishwe na mkuu wa shule, viandikwe katika daftari maalumu. Mkuu wa shule alifungue daftari lake alinganishe yaliyoandikwa na anayoyasikia madarasani saa nne asubuhi. La pili ni ripoti ya jaribio lililofanyika katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015 katika Lancet Global Health. Nusu ya shule zilifanya kazi kwa miezi 18 na mpango wa Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices, unaowashirikisha mkuu wa shule, walimu, wanafunzi na wazazi. Mwishoni, wanafunzi waliosema wamepigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31.0 katika shule za mpango na asilimia 48.7 katika shule nyingine. Ukisomwa kwa haki, utafiti huu unawakatisha tamaa wote wanaodhani tamko linatosha, kwa kuwa asilimia 31 bado ni watoto wengi mno. Kenya imekataza adhabu ya viboko kwa sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, na bado watoto wanapigwa. Lakini Luwero pia imethibitisha kwamba shule ya kawaida, yenye msongamano ule ule na mishahara ile ile, inaweza kubadilika.

Lugha nayo haiwezi kuachwa nje. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, anasimulia jinsi mtoto aliyekutwa akizungumza Kikuyu shuleni alivyochapwa au kuvishwa kibao cha kumdhalilisha shingoni. Zipo shule za Afrika Mashariki ambako kibao kingali kipo, safari hii kikiwasubiri wanaozungumza Kiswahili. Kazi za Martha Qorro na wenzake wa LOITASA, mradi wa utafiti juu ya lugha ya kufundishia ulioanza mwaka 2002, zinaonyesha wanafunzi wa sekondari wakishiriki zaidi somo linapofundishwa kwa Kiswahili. Mkuu wa shule hana mamlaka ya kubadili lugha ya kufundishia. Kibao anaweza kukiondoa leo.

Wapo watakaosema haya ni mapambo kwa mtu anayehangaikia matundu ya vyoo, uji wa mchana na takwimu zinazodaiwa na ofisi ya kata kabla ya saa sita. Hoja hiyo ni ya kweli, na orodha ya vitabu ishirini ingekuwa dhihaka kwake. Vichache vilivyotajwa hapa vinatosha kwa miaka miwili. Zaidi ya hapo, uchambuzi wa Viviane Robinson na wenzake wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi juu ya uongozi wa shule, uliona kwamba lenye athari kubwa kuliko yote katika kujifunza kwa wanafunzi ni kiongozi kuhimiza mafunzo ya walimu na kushiriki mwenyewe kama mwanafunzi mmojawapo. Kusoma peke yake ofisini kunamnufaisha yeye. Tanzania tayari ina mahali pa kusomea pamoja: jumuiya za ujifunzaji za MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambako walimu wa shule hukutana kujadili ufundishaji wao. Sura moja ya Rosa Mistika kwa kikao inaingia humo bila fedha ya ziada, nakala moja ikizunguka, mwalimu wa malezi akiongoza na mkuu wa shule akikaa katikati ya wengine.