UCHAMBUZI: Fulana na matembezi ya siku moja hayatamwepusha mfanyakazi na kiharusi

MAKAMPUNI na mashirika mengi humu nchini yamezoea kutenga siku moja kwa mwaka ambapo wafanyakazi huvishwa fulana zenye nembo ya mwajiri, wakatembea kilomita kadhaa, wakanywa maji ya chupa na kupigwa picha. Jumatatu inayofuata kila mmoja hurejea kwenye kiti chake, zamu yake na chai yake ya saa nne iliyokolea sukari.

Hakuna ubaya katika matembezi hayo. Ubaya upo pale yanapohesabiwa kuwa ndiyo sera nzima ya afya kazini.

Katika mpango wake wa mwaka 2021 wa kukabiliana na magonjwa yasiyoambukiza, Wizara ya Afya ilieleza kwamba magonjwa hayo, yakiwemo ya moyo, kisukari na saratani, husababisha asilimia 39 ya vifo nchini. Mwaka 2014 kiwango hicho kilikuwa asilimia 27.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. La kutisha zaidi ni kwamba asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo, na takribani asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari mwilini.

Ikumbukwe kwamba shinikizo la damu halibishi hodi. Dereva wa trela au karani wa benki aweza kuishi nalo miaka kumi bila kuumwa hata kichwa, hadi siku anapoanguka kwa kiharusi au anapoambiwa kwamba figo zake zimeacha kufanya kazi.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Halmashauri ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iliweka ada ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo kuwa Sh10,650 kwa kikao. Mgonjwa anayehitaji vikao viwili kwa wiki hugharimu zaidi ya Sh1.1 milioni kwa mwaka. Kifaa cha kumpima shinikizo mapema hununuliwa kwa shilingi elfu chache, na hupima mamia ya watu.

Fedha za bima hiyo hutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi, anayekatwa asilimia 2.75 ya mapato yake kabla ya makato mengine. Kwa hivyo, ugonjwa ulioachwa ukomae unalipiwa na wenzake, huku mwajiri akibaki kutafuta mtu mwingine wa kujaza nafasi.

Je, mipango ya afya kazini husaidia? Jibu la kweli ni kwamba inategemea kilichomo ndani yake. Marekani, ambako biashara ya mipango hiyo imekuwa kubwa mno, ilipata somo chungu mwaka 2019. Watafiti Zirui Song wa Chuo Kikuu cha Harvard na Katherine Baicker wa Chuo Kikuu cha Chicago walichunguza wafanyakazi karibu 33,000 wa kampuni moja ya maduka makubwa, katika vituo 160. Vituo 20 vilipewa mafunzo ya lishe, mazoezi na kupunguza mawazo; vingine havikupewa.

Baada ya miezi 18, waliofunzwa walisema kwamba wanafanya mazoezi zaidi. Lakini vipimo vya shinikizo, uzito na sukari havikutofautiana na vya wenzao, wala gharama za matibabu na siku za kukosa kazini hazikupungua.

Linganisha na jaribio jingine la nchi hiyo hiyo, lililochapishwa mwaka 2018. Huko Los Angeles, wanaume weusi 319 wenye shinikizo la juu walifuatwa katika vinyozi wanakonyolewa nywele. Kundi moja lilipewa ushauri pekee. Jingine lilikutana na mfamasia palepale, akawapima na kuwapa dawa. Baada ya miezi sita, shinikizo la waliopewa dawa lilishuka kwa wastani wa vipimo 27, dhidi ya 9 kwa walioshauriwa tu.

Kwa maneno mengine, mahubiri kuhusu mboga hayatoshi. Kinachookoa ni kipimo, dawa na ufuatiliaji, vikipelekwa mahali ambapo mtu tayari yupo. Na Mkenya aliyeajiriwa huwa wapi mchana kutwa, ikiwa si kazini?

Jambo hili si geni kwetu. Baada ya Ukimwi kutangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, wizara za serikali ziliunda vitengo vya kuudhibiti, na katika mashamba na viwanda wakapatikana waelimishaji waliokuwa wafanyakazi wenyewe. Watu hawakujitokeza kupimwa kwa sababu ya mabango. Walijitokeza dawa zilipoanza kupatikana, na Sheria ya Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 ilipopiga marufuku kumlazimisha mtu kupimwa ndipo apewe kazi.

Lakini ujuzi huo wote haukuhamishiwa kwenye shinikizo na kisukari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Kanuni za mwaka 2005 kuhusu uchunguzi wa kimatibabu zinawalenga wanaokabiliwa na hatari kama kemikali, vumbi na kelele. Hivyo, mtambo ukimdhuru kijana masikio, sheria inajua la kufanya. Akiwa na shinikizo la 180, sheria imenyamaza.

Kamati hizo zipo, angalau kwenye karatasi. Zikiongezewa jukumu la kuhakikisha kila mfanyakazi anapewa nafasi ya kupimwa walau mara moja kwa mwaka, hakuna ofisi mpya itakayohitajika. Mashamba makubwa ya majani chai huko Kericho yana zahanati zao; kiwanda kisichonayo chaweza kukubaliana na kituo cha afya kilicho jirani.

Pana kizingiti kimoja ambacho waajiri hupenda kukiruka. Mfanyakazi anaogopa kwamba meneja akijua ana kisukari, jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha ya watakaopunguzwa. Hofu hiyo ina msingi, na haitaondolewa kwa ahadi za mdomo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazitambua habari za afya ya mtu kuwa siri nyeti. Majibu basi yabaki kwa mhudumu wa afya na mhusika. Idara ya wafanyakazi haina haja ya kuyaona.

Aidha, mgonjwa wa kisukari anahitaji muda wa kwenda kliniki. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku saba za likizo ya ugonjwa kwa malipo kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, tena akiwa na cheti cha daktari. Anayekwenda kuchukua dawa kila mwezi huzimaliza zile za malipo kamili kabla hajaugua. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo hujadiliana kwa ukali kuhusu nyongeza ya mishahara, vingefanya vyema kudai saa za kliniki katika mikataba yao.

Zipo pia saa za kazi zenyewe. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, yakilinganisha na saa 35 hadi 40. Kanuni zetu za jumla za mishahara zinaruhusu saa 52 kwa wiki, na 60 kwa anayefanya kazi usiku. Maana yake ni kwamba mlinzi wa usiku anaweza kuvuka mpaka huo wa hatari bila mwajiri wake kuvunja kanuni yoyote.

Hata hivyo, zaidi ya asilimia 80 ya wenye kazi nchini wamo katika sekta ya jua kali, isiyo na meneja wala kamati. Kwao serikali tayari ina nyenzo. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliozinduliwa Septemba 2023, walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo na sukari. Tatizo ni kwamba wao huzuru nyumba kwa nyumba, mchana, wakati fundi wa Kamukunji yuko Kamukunji akigonga mabati na muuzaji wa mitumba yuko Gikomba. Serikali za kaunti zinaweza kuwapangia baadhi yao siku mbili kwa wiki katika masoko na karakana hizo, wakipimia watu palepale na kuwaelekeza kwenye zahanati za karibu, ambako matibabu ya msingi yanafaa kulipiwa na hazina ya serikali.