Kupasuliwa rovu: Usisahau kuulizia kalsiamu

Mgonjwa anayengoja kupasuliwa rovu huwa na maswali mawili: je, kovu litaonekana, na sauti yangu itabaki ilivyo? Ni maswali ya haki. Lakini liko la tatu ambalo wachache huuliza, nalo linahusu kalsiamu.

Nyuma ya tezi ya thairoidi, ile inayofura ikawa rovu, mna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja ukubwa wa punje ya mchele. Huitwa parathairoidi na kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Thairoidi yote inapoondolewa, hata mpasuaji awe stadi namna gani, tezi hizi zaweza kupungukiwa na damu au kuondolewa pamoja na uvimbe. Hapo kalsiamu hushuka, mara nyingi katika siku tatu za kwanza. Kwa wengi hali hiyo hupita baada ya wiki au miezi michache. Kwa wachache hudumu maisha.

Ishara zake ni midomo na ncha za vidole kufa ganzi au kuchomachoma, na misuli kukaza. Ikizidi, mgonjwa huweza kushikwa na kifafa, koo kumbana asipumue vizuri, au moyo kupiga ovyo. Hiyo ni dharura, na hutibiwa kwa kalsiamu ya kudungwa mshipani. Jamaa wasiojua hudhani ni wasiwasi tu, wakachelewa.

Vitamini D inaingiaje hapa? Ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwa chakula. Anayepasuliwa akiwa na upungufu wake yumo katika hatari zaidi. Wala usiseme jua letu latosha. Anayepanda matatu alfajiri, akashinda ofisini na kurudi magharibi, jua hulionea dirishani. Ngozi nyeusi nayo huhitaji jua zaidi ili kuitengeneza vitamini hiyo.

Kwa maoni yangu, kila anayetarajia kuondolewa thairoidi yote apimwe vitamini D na kalsiamu mapema. Kipimo cha vitamini D si rahisi kwa mfuko wa kila mtu. Asiyekimudu ajadiliane na daktari wake kuhusu kumeza tembe za vitamini hiyo majuma kadhaa kabla ya upasuaji.

Pili, mgonjwa kama huyo asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla kalsiamu yake haijapimwa tena na kabla hajaelezwa dalili za hatari. Najua vitanda ni haba, lakini kipimo hiki ni nafuu kuliko kumrudisha mgonjwa usiku akiwa mahututi.

Nawe mgonjwa una wajibu wako. Tembe za kalsiamu ulizoandikiwa usizimeze pamoja na zile za thairoksini, kwani huizuia isifyonzwe. Ziachanishe kwa saa nne. Maziwa, omena na sukuma wiki ni chakula bora, ila haviwezi kushika nafasi ya dawa siku hizo. Wala usijinunulie vitamini D na kuimeza kiholela, kwani ikizidi hupandisha kalsiamu kupita kiasi na kudhuru figo.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, muulize daktari: kalsiamu yangu itapimwa lini, na nikihisi ganzi nyumbani nikimbilie wapi? Usiondoke bila jibu.