MOSHI USIKU, MKAGUZI MCHANA!

Vijana wenzangu mnaopanga vyumba uswahilini, jirani na viwanda, mnajua ninachosema. Mchana bomba linatoa kamoshi kembamba kama ka sigara. Ikifika saa nane usiku unaamshwa na kikohozi. Asubuhi shati ulilolianika jana lina masizi, na mtoto wa mwenye nyumba amebanwa kifua.

Mkaguzi je? Anakuja saa nne asubuhi, tena kwa miadi, anapokewa na soda baridi. Anapima, anaandika "safi", anapanda gari huyoo! Kama hicho si kiini macho, ni nini?

Dawa ya mchezo huu ipo. Ni vipimo vinavyofungwa kwenye bomba lenyewe, vikapima usiku na mchana bila kupumzika. Kimoja humulika mwanga toka upande huu hadi ule: vumbi likizidi, mwanga unafifia, kinaandika. Vingine hupima gesi za salfa na naitrojeni. Havina miadi, wala havinywi soda.

Tusiambiwe ni ndoto. Marekani, sheria ya 1990 iliibana mitambo mikubwa ya umeme wa makaa ifunge vipimo hivyo, na takwimu za kila saa zikawekwa wazi kwa raia. Mjanja akikizima? Kipimo kikikosekana mara kwa mara, saa hizo huhesabiwa kama za moshi mwingi! India nayo, mwaka 2014, iliagiza aina 17 za viwanda vichafu zaidi vifunge vipimo.

Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya hewa za 2007. Lakini kiwango kinachopimwa kwa miadi ni mizani isiyo na mawe.

Vigogo watasema vipimo ni ghali. Ghali kwa nani? Mlalahoi analipa tayari, kwa dawa za kifua.

Wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji mwaka 1988 kwa moshi na uvundo wa dampo. Jiji liliposhindwa likaomba kuongezewa muda. Jaji Lugakingira akakataa, akalikumbusha haki ya kuishi iliyomo ndani ya Katiba. Wale walikuwa wananchi kama wewe na mimi.

Basi tudai: kila bomba kubwa lifungwe kipimo, na takwimu zibandikwe getini, kila mpita njia asome. Kama moshi wao ni safi, wanaogopa nini?