Filamu za Kale na Diski Mpya

Husemwa siku hizi, tena na watu wenye elimu, kwamba filamu za kale hazina nafasi katika diski mpya za Ultra HD. Wasemao hivyo hushika hoja mbili. Hudai kwanza kwamba picha iliyopigwa mwaka 1939 au 1942 haiwezi kufaidika na diski yenye ukali mkubwa namna hiyo, kwa kuwa kamera za zamani zilikuwa dhaifu. Kisha hudai kwamba diski yo yote ni mzigo wa bure, maana filamu zapatikana kwa intaneti kwa ada ya mwezi. Hoja ya kwanza ni kosa la elimu. Ya pili ni kosa la uvivu, nayo ndiyo yenye hatari zaidi.

Tuanze na lile la elimu. Filamu ya zamani haikupigwa kwa vitone vya kuhesabika kama picha za leo. Ilipigwa kwa chembe za fedha zilizotandazwa juu ya utepe, na nuru ilipozigusa zikashika umbo la uso, nguo, moshi na ukuta. Negativu njema ya milimita 35 hubeba habari inayokaribia, na mara nyingine kufikia, ile iwezayo kuonyeshwa na vitone 3,840 kwa 2,160 vya diski ya Ultra HD. Diski za DVD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1996, zilitupa vitone 720 kwa 480, au 576 katika nchi nyingine. Blu-ray ya mwaka 2006 ikatupa 1,920 kwa 1,080. Basi kwa muda wote huo mtazamaji wa nyumbani alikuwa akiitazama negativu kama mtu atazamaye harusi kupitia pazia. Pazia lilikuwa letu. Bibi harusi hakuwa na kasoro.

Filamu ya Stanley Kubrick iitwayo 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, ilipigwa kwa utepe mpana wa milimita 65, na ilipotolewa katika diski ya Ultra HD mwaka 2018 utepe ule ulikuwa bado na zaidi ya kutoa. Ndivyo ilivyo kwa Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, iliyotolewa mwaka 2020. The Wizard of Oz ya mwaka 1939 ina ajabu yake. Kamera ya Technicolor iliigawa nuru katika tepe tatu zisizo na rangi, kila mmoja ukihifadhi fungu lake la rangi, na rangi zenyewe zikaja kukutana baadaye katika nakala. Leo kompyuta huweza kuzilinganisha tepe hizo tatu kwa usahihi ambao mafundi wa wakati ule hawakuwa na njia ya kuufikia. Diski yake ilitoka mwaka 2019, filamu ikiwa na umri wa miaka 80.

Kwa upande mwingine, filamu nyingi za miaka ya mwanzo ya karne hii zilikamilishwa ndani ya kompyuta kwa kipimo cha vitone kama 2,000 tu kwa upana. Hizo zikitiwa katika diski mpya hukuzwa kwa kukisia, kwa kuwa kilichokusudiwa kuonekana zaidi hakikupata kuwamo. Babu ana akiba, mjukuu hana. Na bado twaambiwa kwamba diski hii ni ya wajukuu.

Lakini nisifikiriwe kuwa nawasifu wauzaji wa diski. Wako miongoni mwao waharibuo kazi, na uharibifu wao wafaa kufahamiwa na wanafunzi wa fasihi kuliko watu wengine wote, maana ni uharibifu tuujuao katika hati zetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu yalikusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na baadaye yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Tungesema nini kama mnakili angeliona neno la kale lisilompendeza akalifuta, akatia jingine lililo laini? Tungesema ameghushi, hata kama hati yake ni nzuri.

Chembe za filamu ndizo maneno hayo ya kale. Vumbi, mikwaruzo na madoa ni ajali za njiani, na fundi akiyaondoa amefanya wema. Chembe si ajali, kwa sababu picha yenyewe imefanywa kwa chembe. Lakini wako waonao kila chembe kuwa uchafu, wakaisugua mpaka ngozi ya mtu ikawa kama nta. Blu-ray ya filamu ya Predator iliyotolewa mwaka 2010 ilijulikana sana kwa aibu hiyo. Mwaka 2024 zilitoka katika Ultra HD filamu za James Cameron, miongoni mwao Aliens ya mwaka 1986, zikiwa zimepitishwa katika programu za kisasa za kulainisha na kunoa, na watazamaji wengi walilalamika. Mwongozaji mwenyewe aliitetea kazi ile. Sawa, mshairi naye ana ruhusa ya kulirudia shairi lake uzeeni. Ila tungemtaka aandike tarehe mbili, wala asituambie kwamba hilo ndilo alilolitunga ujanani.

Kuna na jaribu la mwanga. Pazia la sinema ya dijitali hupimwa kwa mng'ao wa niti 48, ilhali televisheni mpya huweza kupita niti 1,000. Fundi asiye na kiasi huwasha kila taa iliyomo katika picha mpaka mshumaa ukang'aa kama kurunzi. Fundi mwenye kiasi huutumia uwezo huo kuvitenganisha vivuli. Kwa maoni yangu filamu isiyo na rangi, kama Casablanca ya mwaka 1942 ambayo diski yake ya Ultra HD ilitoka mwaka 2022, yaweza kufaidika na kiasi hicho kuliko filamu ya rangi, kwa kuwa haina mali nyingine ila mwanga na kiza.

Sasa niwageukie wenye kosa la uvivu. Mimi mwenyewe niliwahi kuwapangia wanafunzi filamu moja ya kale iliyokuwa ikipatikana kwa intaneti. Muhula ulipofika katikati iliondolewa bila taarifa, na nusu ya darasa ikaandika insha juu ya kitu ambacho haikukiona. Sikuwa na wa kumshtaki, maana sikununua kitu; nilikodi mlango ambao mwenyewe aweza kuufunga. Huko California sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 yamtaka muuzaji wa bidhaa za dijitali, asemapo «nunua», aseme wazi kwamba auzacho ni leseni. Sheria haitungwi kuzuia jambo lisilokuwapo.

Na hata mlango ukiwa wazi, kipitacho ndani yake ni kidogo. Diski ya Ultra HD huweza kutoa hadi megabiti 128 kwa sekunde. Huduma za intaneti aghalabu hutoa sehemu ndogo tu ya hizo, na kitu cha kwanza kusagwa katika kubanwa huko ni chembe zile zile tulizozitetea.

Wapinzani wangu hunijibu kwamba soko limekufa, na hapa wana ukweli ambao sitauficha. Oppo iliacha kutengeneza deki mwaka 2018, Samsung ikafuata mwaka 2019, LG mwaka 2024. Best Buy, duka kubwa la Marekani, liliondoa diski katika rafu zake mwaka 2024. Hofu yangu ni deki kuliko diski: sanduku la filamu bila mashine ya kuzichezea ni sanduku la mawe. Lakini walioondoka ni wauzaji wa jumla. Criterion ilianza kutoa diski za Ultra HD mwaka 2021, na miongoni mwa za kwanza ilikuwa Citizen Kane ya mwaka 1941, filamu ambayo negativu yake ya asili imepotea na ikabidi itengenezwe kutoka katika nakala. Warner Archive ilitoa The Searchers ya mwaka 1956 mwishoni mwa mwaka 2024. Arrow na Kino Lorber nao wamo. Diski inakuwa kama kitabu cha mashairi, yenye wasomaji wachache, bei kali na mhariri anayejulikana kwa jina. Nani katika chuo hiki atasema kwamba diwani lisichapishwe kwa sababu gazeti lauzwa zaidi?

Diski si negativu, wala haiwezi kuwa badala yake. Lakini negativu hukaa ghala moja, na ghala huungua. Moto wa mwaka 1937 huko Little Ferry, New Jersey, uliteketeza sehemu kubwa ya filamu bubu za Fox. Moto wa mwaka 1978 katika George Eastman House ulichukua negativu ya Singin' in the Rain, na diski yake ya mwaka 2022 ilitengenezwa kwa kilichosalia. Maktaba ya Bunge la Marekani ilionyesha mwaka 2013 kwamba katika filamu bubu ndefu karibu 11,000 za nchi hiyo, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lao la asili. Nakala njema elfu kadhaa zilizotawanyika majumbani ni shahidi ambaye moto mmoja haumpati.

Linabaki swali ambalo wapenzi wa diski wenyewe hawapendi kuulizwa: kale ya nani? La Noire de… ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, na Mandabi yake ya mwaka 1968 inayosema Kiwolofu, zote zilirekebishwa kwa kipimo cha 4K. Lakini Criterion ilipoziuza, moja mwaka 2017 na nyingine mwaka 2021, ilizitia katika Blu-ray ya kawaida. Kazi kubwa ilikwisha fanywa. Kilichokosekana ni mtu wa kuidai. Nasi hatuna udhuru wa zamani. DVD ziliifungia sehemu kubwa ya Afrika katika kanda ya tano, hata diski iliyonunuliwa London haikucheza katika deki ya Nairobi au Dar es Salaam. Diski za Ultra HD hazina kufuli la kanda.

Basi vyuo vyetu na vinunue deki sasa, zingali zikiuzwa, na vinunue mbili. Na tuwaandikie wachapishaji tukitaka mambo manne yachapwe juu ya kila jalada kama yanavyochapwa katika kitabu cha hati: filamu imetolewa katika negativu au katika nakala ipi, imesomwa kwa mashine mwaka gani, chembe zimeguswa au hazikuguswa, na nani aliyeidhinisha rangi.