Macho ya koko: tuache kusema « ni uzee tu »

Kwetu Kivu mama aliyepita miaka 50 akisema haoni vizuri, jibu liko tayari: ni uzee. Mimi naona jibu hilo linawafungia wamama wengi njia ya kutibiwa.

Ni kweli mwili unabadilika. Damu ya mwezi inapokatika, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, homoni za kike zinapungua sana, na macho yanasikia mabadiliko hayo. Machozi yanapungua au yanakauka upesi. Mama anasikia kama mchanga ndani ya jicho, linawaka, na kwenye upepo linatiririka maji. Wachunguzi wengine wameona pia kwamba mwanamke ambaye damu yake ilikatika mapema anaweza kuwa na hatari zaidi ya glakoma, ugonjwa wa presha ndani ya jicho. Huo unaharibu kimya kimya, na kilichopotea hakirudi.

Lakini tusiziwekee homoni mzigo wote. Duniani, kati ya watu 100 wenye shida ya kuona, karibu 55 ni wanawake. Wanaishi miaka mingi kuliko wanaume, ndiyo. Lakini ni wao pia wanaoinama kila siku kwenye moshi wa kuni na makala, na kibanda cha wahami hakina dirisha. Na franga ikiwa kidogo, nani anapelekwa hospitali? Baba, kisha watoto. Koko anangoja.

Anangoja bure, kwa sababu mtoto wa jicho, ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wote, unatibika. Ni operesheni fupi: daktari anatoa lenzi iliyofifia, anaweka mpya.

Wakati wa kungoja, wengine wanatia majani jichoni, au wananunua matone ya kortizoni bila karatasi ya daktari. Matone hayo yakitumiwa muda mrefu yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Vidonge vya homoni navyo si jibu. Mwaka 2001, uchunguzi juu ya wanawake zaidi ya 25,000 huko Marekani ulionyesha kwamba waliovimeza walikuwa na macho makavu zaidi.

Naomba mambo mawili. Wanaoleta matibabu kambini, siku ya chanjo ya watoto wapime pia macho ya wamama kuanzia miaka 40. Karatasi ya herufi na mtu aliyefundishwa, hapo mnaanza. Na sisi jamaa, tuhesabu macho ya koko kati ya mambo ya haraka.

Koko asipoona, kuna msichana anayeacha masomo ili amshike mkono. Na siku ya kukimbia risasi, sisi wa huku tunajua nani anabaki nyuma.